Chupa za Rafu ya Chini: Shajara ya Mradi wa Sampuli

13 Januari 2025

Tumeanza leo. Mradi ni wa miezi sita: kila sampuli ya mnyama mwenye uti wa mgongo iliyomo kwenye makumbusho yetu ishikwe kwa mkono, hali yake iandikwe, lebo yake isomwe, kisha taarifa zake ziingizwe kwenye kompyuta. Tuko watatu: mimi, dada wa maabara, na kijana aliyemaliza shahada mwaka jana ambaye anajitolea kwa nauli na chakula cha mchana.

Tuna stoo mbili. Ya kavu ina ngozi za ndege na za panya zilizojazwa pamba, mafuvu, na mifupa iliyofungwa kwenye maboksi. Nyingine tunaiita stoo ya maji, ingawa humo hamna maji. Ni samaki, vyura, nyoka, mijusi na popo, wote ndani ya chupa za spiriti. Tumeanza na hii ya pili kwa sababu ndiyo inayokufa haraka. Tuko pwani, chumba hakina kiyoyozi, na kwa mwezi huu hata usiku kuta zinakuwa na joto ukizigusa.

Siku nzima imekwenda kwenye kuhesabu rafu na kubandika utepe mwekundu kwenye chupa zilizopungua. Rafu ya chini kabisa, iliyo nyuma ya mlango, karibu yote imekuwa nyekundu.

16 Januari

Naeleza hili sasa maana kijana ameniuliza mara tatu, na kila nikimjibu naona anadhani nakuza mambo.

Samaki akishanaswa huwekwa kwanza kwenye fomalini, ili nyama iache kuoza na ishike umbo. Baada ya siku kadhaa husuuzwa kwa maji, kisha huhamishiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70. Hapo anaweza kukaa miaka mia na zaidi, kwa sharti moja, spiriti isipungue. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa ile mna ethanoli na maji, na ethanoli ndiyo inayotangulia kutoka. Kifuniko kikilegea, kinachobaki siyo spiriti kidogo ya asilimia 70. Kinachobaki ni majimaji ya asilimia 50, au 40, na ukungu unaanza.

Kwa hiyo kumwagia juu spiriti mpya ya 70 hakutoshi. Chupa iliyoshuka mpaka nusu ikiwa na 45, ukiijazia ya 70 inaishia chini ya 60. Inabidi kupima kwanza. Tunachota kidogo, tunatumbukiza hidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha asilimia ya spiriti, tunasoma. Na hata hapo kuna mtego: hidromita yetu imetengenezwa isomwe kwenye nyuzi 20, nasi tuko kwenye 31. Kwenye joto inasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo lazima turekebishe. Dada wa maabara ameandika jedwali la marekebisho kwa kalamu nene akalibandika ukutani.

Chupa 19 leo. Nilitarajia 40.

22 Januari

Leo nimefika kwenye chupa iliyonifanya nikae chini.

Ni chupa ya lita tano, kioo kinene chenye rangi ya kijani kwa mbali. Kifuniko cha chuma kimeliwa na kutu mpaka kinaacha unga kwenye vidole. Majimaji yake yamekuwa kama chai ya rangi, na yameshuka chini ya nusu. Samaki wa juu, wanane hivi, walikuwa wamebaki nje ya spiriti: wamekauka, mapezi yamevunjika, macho yamekuwa meupe kama punje za mtama. Wa chini walikuwa wazima. Wote wadogo, wa urefu wa kidole cha kati, wote rangi ya udongo.

Lebo ya nje imebaki vipande viwili. Mende wanapenda gundi, na wameitafuna karatasi wakifuata gundi. Inasomeka "114" na mkia wa tarakimu ya nne, labda 6.

Nimeingiza kibano nikatoa lebo ya ndani. Karatasi nene, imelainika lakini haijachanika. Nimeilaza kwenye sahani ya kioo, nikaimwagia spiriti safi kwa pipeti, na maandishi yakajitokeza kidogokidogo, kwa kalamu ya risasi:

1146. Nyegezi. m 9. tope. 14.3.79. FURU

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Neno hilo halihitaji kutafsiriwa nyumbani kwetu. Furu ndio samaki ambao bibi alikuwa akiwataja kila tulipokula dagaa, kwamba zamani ziwa lilikuwa limejaa furu, wa kila rangi, wenye miiba mingi na nyama tamu, na kwamba walikuwa wakianikwa kwenye mawe mpaka mawe hayaonekani. Tulidhani bibi anasimulia tu. Mwaka 1979 sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, alikuwa bado hajajaa Ghuba ya Mwanza, ile ghuba ya Ziwa Victoria ilipo Nyegezi. Maana yake samaki hawa kwenye sahani yangu ni wa ziwa lile alilolisema bibi.

Nimewahesabu: 46. Nimehamisha wote kwa muda kwenye ndoo yenye mfuniko, na spiriti hafifu. Waliokauka hawarudishwi moja kwa moja kwenye spiriti kali, wanapandishwa taratibu.

29 Januari

Leja kuu, daftari la kusajili sampuli zetu, namba 1146: popo, dume, Amani, Usambara ya Mashariki.

Siyo samaki kabisa. Nimepitia kurasa za mbele na za nyuma, nimejaribu 1140 hadi 1149, nimejaribu 1146 ya leja ya pili. Hakuna furu popote. Pembeni ya mstari wa yule popo, mtu fulani wa miaka ya baadaye ameongeza kwa wino wa buluu alama ya kuuliza na neno "samaki". Na ndiye, nadhani, aliyebandika ile lebo ya nje.

Sasa tuna samaki 46 wasio na nyumba kwenye leja. Tarehe ipo, mahali papo, kina kipo. Lakini aliyewavua hayupo, njia iliyotumika haipo, na hatujui kama chupa hii ni sehemu ya mkusanyo mkubwa zaidi. Nimeweka utepe wa njano, tunaendelea na nyingine.

10 Februari

Spiriti imekwisha. Tuliagiza mwezi uliopita, na aliyepewa zabuni ameleta madumu ya spiriti ya hospitali iliyotiwa rangi. Hatuwezi kuitumia, rangi ile inaingia kwenye ngozi ya chura na haitoki tena. Tumeyarudisha. Wanasema wiki tatu.

Kukosa kemikali kwa wiki tatu kunasikika kama jambo la ofisini, lakini elimu nzima ya samaki iliwahi kupoteza kitu kwa sababu hiyo hiyo. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mhifadhi wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini akakuta samaki mkubwa wa buluu mwenye mapezi yaliyochomoza kama viungo. Alihangaika na mzoga ule mjini kote akitafuta pa kuuweka usioze. Fomalini ya kutosha hakuipata, na ilikuwa kiangazi. Mwishowe ilibidi apewe fundi wa kujaza ngozi, na viungo vya ndani vikatupwa. J.L.B. Smith alipofika kumtambua alikuta ngozi na fuvu tu. Ndiye silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Ilipita miaka 14, mpaka 1952 kule Komoro, ndipo akapatikana wa pili na wakaona viungo vyake vya ndani. Wavuvi wa Kilwa na Tanga wamekuwa wakiwanasa silikanti tangu 2003, na kila ninaposikia habari hiyo wazo langu la kwanza ni hilo: je, aliyempokea alikuwa na fomalini?

Kwa sasa tumefunga chupa zote mbaya kwa karatasi ya nailoni na mpira chini ya kifuniko. Tunasubiri.

19 Februari

Hakuna spiriti. Tumehamia stoo ya kavu. Joto.

4 Machi

Kabati la saba, droo ya panya. Wiki iliyopita kijana aliivuta na kuniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka. Chini ya kila ngozi palikuwa na unga wa kahawia, na ndani ya unga maganda madogo yenye manyoya. Ni vibuu vya mbawakawa wale wadogo wa mviringo wanaokula manyoya na ngozi kavu. Ngozi mbili zimeshakuwa vipara, pamba inaonekana. Mkia wa moja umedondoka kwenye mkono wangu.

Hatupulizi dawa. Dawa zinaharibu rangi, na nyingine zinaharibu vinasaba ambavyo mtafiti wa kesho anaweza kuvihitaji. Tunagandisha: ngozi zinafungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni, hewa inabanwa itoke, zinaingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Usiku wa siku ya tano umeme ulikatika kwa muda wa saa 11 mfululizo. Asubuhi friza ilikuwa juu ya sifuri. Mayai ya wadudu yanaweza kuvumilia hali ya namna hiyo, kwa hiyo tumeanza kuhesabu upya siku ya kwanza. Nimeomba jenereta kwa barua ya pili.

12 Machi

Ngozi za ndege. Glavu na barakoa kwa wote, na hakuna chai ndani ya chumba. Mafundi wa zamani walikuwa wakipaka ngozi aseniki upande wa ndani ili wadudu wasiile, na sumu ile haiishi. Ukigeuza ndege wa kale unaona vumbi jeupe kwenye mshono wa tumbo na kwenye shina la mbawa. Nimemwambia kijana aandike neno "aseniki" kwenye kila rekodi ya ngozi ya kabla ya miaka ya 1980, hata pale asipoona vumbi.

Tuna ngozi chache tulizorithi za wakati wa Wajerumani. Lebo moja inasema Wilhelmstal. Kijana ametafuta kwenye ramani ya simu akakosa. Ni Lushoto. Nyingine ni Neu-Langenburg, ambayo ni Tukuyu, na Muansa hiyo anaijua kila mtu. Tumekubaliana kuingiza jina kama lilivyoandikwa kwenye lebo, neno kwa neno, na jina la leo kwenye safu ya pili. Lebo ya mwanzo haifutwi na haisahihishwi kamwe, hata ikiwa na kosa la wazi. Aliyeandika lebo alikuwa amesimama mahali pale. Sisi hatukuwepo.

27 Machi

Wanafunzi wa mwaka wa pili wamekuja, zaidi ya thelathini kwenye chumba cha watu kumi. Mmoja wao, binti wa mbele, ameuliza swali ninaloliheshimu: kwa nini kuua na kuhifadhi wakati kila mtu ana kamera?

Nimemjibu kwa kipunji. Watu wa kandokando ya Mlima Rungwe walikuwa wanamjua nyani yule kwa jina lake kabla ya watafiti kumwona mwaka 2003. Mwaka 2005 alitangazwa kama spishi mpya kwa kutegemea picha, hakuna aliyetaka kumuua mnyama adimu kiasi kile, na walifanya vyema. Kwa picha hizo aliwekwa kwenye jenasi ya Lophocebus. Kisha kipunji mchanga akafa kwenye mtego wa mkulima, mwili ukahifadhiwa, ukafika Field Museum kule Chicago. Walipolichunguza fuvu na kusoma vinasaba walikuta ana undugu wa karibu zaidi na nyani wakubwa wa savana kuliko na wale aliofanana nao pichani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mnyama yule hakuuawa kwa ajili ya makumbusho. Alikuwa ameshakufa, na kilichobaki ni kama mtu atamtupa au atamhifadhi.

Binti amesikiliza, kisha akasema, "Basi mwalimu, hata mzoga wa barabarani tuulete?" Nimemwambia aulete, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali, na jina lake. Bila karatasi hiyo asijisumbue.

9 Aprili

Spiriti imefika tangu wiki iliyopita, ya asilimia 96, safi. Tunachukua sehemu 70 na kujazia maji yaliyokenekwa mpaka 96, hayo hayo ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Chupa 31 leo.

Kosa langu, naliandika hapa ili lisisahaulike. Nilipoweka rekodi za Ghuba ya Mwanza kwenye ramani, alama zote zilitokea Uganda, nchi kavu, kaskazini ya Lira. Mwanza iko takribani digrii 2.5 kusini ya ikweta na 32.9 mashariki. Nilisahau alama ya kutoa kwenye safu ya latitudo, kwa rekodi zote za siku mbili. Samaki wa ziwa wakawa wamepanda juu kilometa mia tano na zaidi. Mtu aliyeko mbali, anayepakua data zetu kutafuta mipaka ya spishi, asingejua kwamba ni kidole changu. Tangu leo hakuna rekodi inayotoka bila mwenzako kuiona kwenye ramani.

15 Aprili

Nimekwenda kumwona Mzee. Alikuwa fundi wa stoo hii miaka mingi, alistaafu kabla sijaajiriwa. Anaishi na binti yake, macho yamepungua nguvu lakini kumbukumbu haina shida.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea harufu ya fomalini, naisikia kwenye shati."

Nilikuwa nimebeba picha ya lebo kwenye simu, nimeikuza. Aliisogeza karibu na jicho la kushoto, akakaa nayo muda mrefu.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Profesa alikuwa akituambia, kalamu ya wino mbaki nayo mfukoni, wino ukiingia kwenye spiriti unakimbia. Risasi haikimbii."

Nikamweleza habari ya 1146 na popo wa Amani. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Siyo elfu moja mia moja arobaini na sita. Ni kumi na moja, nukta, arobaini na sita. Safari ya kumi na moja, chupa ya arobaini na sita. Namba za safari hazikuwa za leja. Za leja zilikuwa zinapigwa baadaye mkirudi, na zile za mwaka ule hatukuwahi kuzipiga. Profesa aliondoka."

"Na daftari la safari, Mzee?"

"Mmeangalia sanduku la nyavu?"

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tuna sanduku la nyavu.

Kabla sijaondoka alinisimulia jinsi nyavu ya kukokota ilivyokuwa ikipanda. Wavu ukifika juu ya maji, alisema, ulikuwa unaona rangi kwanza, samaki unawaona baadaye. Nyekundu, buluu, njano, nyeusi yenye mng'ao. Dakika chache ndani ya fomalini, zote zinazimika. "Ndiyo maana tulikuwa tunaandika rangi palepale, mmoja anashika samaki, mmoja anashika daftari."

16 Aprili

Nimeirudia lebo, chini ya kioo cha kukuza, taa ikiwa imelazwa pembeni. Kati ya 11 na 46 hakuna alama ya risasi. Lakini pana kishimo. Ncha ya kalamu ilibonyeza karatasi, risasi ikatoka kwa miaka, na kishimo kikabaki. Nilipozungusha taa kilitupa kivuli kidogo kama punje ya mchanga.

Nimemwita dada na kijana, kila mmoja akakiona kwa zamu yake.

22 Aprili

Sanduku lilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya mabati ya mabango ya zamani. Nyavu zimeoza, ukizishika zinakatika. Chini yake chubwi za risasi, kamba ya kupimia kina yenye mafundo, na mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko madaftari mawili. La kwanza limeshikana kurasa zote na hatulilazimishi. La pili linafunguka.

Safari ya 11. Orodha inaanza 11.01 na kuishia 11.58. Yetu iko ukurasa wa kumi na nne, nainukuu kama ilivyo, maana tumekubaliana kuinukuu hivyo hata kwenye kompyuta:

"11.46. Nyegezi nje. Asubuhi saa 3. Kokota dk 10. m 9, tope. Furu wadogo wengi, kundi moja. Madume: kichwa chekundu mpaka kifuani, mwili kama chuma. Majike: fedha."

Mstari huo wa mwisho hauwezi kupatikana kwenye chupa tena. Kwenye chupa wote ni rangi ya udongo.

6 Mei

Kazi ya furu imeanza rasmi. Majimaji ya zamani tumeyapima kwa karatasi ya asidi kabla ya kuyamwaga, yako 5, yaani yana asidi. Huenda fomalini ya kwanza haikutiwa kitu cha kuizimua asidi, na asidi inakula chokaa ya mifupa. Kwa furu hilo ni jambo zito, kwani spishi zake hutenganishwa kwa meno na taya. Tumekagua kumi chini ya darubini. Meno yapo. Nimeshukuru kwa sauti.

Nataka kueleza kwa nini tunatumia wiki nzima kwa chupa moja, maana nimeulizwa kwenye kikao cha bajeti na sikujibu vizuri.

Ziwa Victoria lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi za furu zilitoweka au zikafikia ukingoni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi Mwanza pamoja na Watanzania tangu 1977, Frans Witte akiwa miongoni mwao, walikuwa wamehifadhi samaki kabla ya hapo. Moja kati ya spishi walizozifuatilia ni Haplochromis pyrrhocephalus, mla vijidudu vya majini, aliyekaribia kutoweka kisha akarudi miaka ya 1990 sangara walipovuliwa sana. Walipomweka aliyerudi kando ya yule wa kwenye chupa za zamani, waliona siyo samaki yule yule. Maji yalikuwa yamechafuka na hewa ya oksijeni imepungua, na eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa kimepungua, jicho limepungua, kama vile vitu vimesogezwa ili matamvua yapate nafasi. Hayo yote kwa miongo miwili tu. Matokeo hayo yalichapishwa 2008, na yasingewezekana kama chupa za zamani zingekuwa zimekauka.

Pyrrhocephalus maana yake ni mwenye kichwa chekundu. Nimesoma ule mstari wa daftari mara nyingi wiki hii. Sijaandika jina hilo kwenye rekodi. Kuna furu wengine wenye wekundu, na taya zao ndizo zitakazotuambia, siyo hamu yangu. Kwenye kompyuta nimeandika "Haplochromis sp.", yaani furu ambaye spishi yake bado haijatambuliwa, na kwenye safu ya jina la kienyeji nimeandika FURU kwa herufi kubwa, kama Mzee alivyoandika.

Aliyekusanya: hapo nimeandika jina kamili la Mzee, kwa ruhusa yake. Leja zetu za zamani zina jina la profesa peke yake kwenye kila mstari.

14 Mei

Jenereta imekubaliwa. Siamini mpaka niione. Ngozi za kabati la saba zimemaliza wiki mbili kamili, hakuna kibuu kipya kwenye mitego ya gundi.

20 Mei

Wale wanane waliokuwa wamekauka tumewapandisha polepole, maji kwanza, kisha 30, kisha 50. Watano wamerudisha umbo kiasi cha kupimika. Watatu wamebaki kama maganda, lakini nao wamepata lebo, kwa sababu mfupa wao ni mzima.

Chupa mpya mbili, vifuniko vya plastiki nene vyenye mpira ndani. Lebo mpya ya karatasi ya pamba kwa kalamu ya risasi, na lebo ya Mzee imerudi ndani pamoja nayo, imeegemezwa kwenye kioo isomeke bila kufunguliwa. Spiriti 70, imepimwa na kurekebishwa kwa joto.

Samaki wa kwanza nimempima mwenyewe kwa kalipa: urefu bila mkia milimita 71, jicho, shavu, urefu wa kichwa. Nimeinua kifuniko cha tamvua upande wa kulia kwa ncha ya sindano. Nyuzi za matamvua zimeshikana kidogo, nimeziachanisha kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti. Zinahesabika. Kijana anaandika, dada anarudia kila namba kwa sauti kabla haijaingia.

Wamebaki 45. Kisha 11.47, ambayo tumeipata rafu hiyo hiyo, nyuma kabisa. Daftari linasema: "gogogo wawili, mmoja mdogo. Angalia miiba."